Kochi la Detlef Liko Ng'ambo ya Mto

Kwa Bibi Mkuu wa Ofisi ya Kodi, upande wetu wa Ufaransa,

Pokea heshima zangu, ukiwa umekaa vizuri kitini.

Kwanza ufahamu kwamba anayekuandikia ana bahati kuliko wanaume wote wa Alsasi, jimbo letu hili la mpakani. Tangu niache kiwanda cha kabichi chachu hapa kwetu nikapata kazi ya ufundi wa lifti Ujerumani, hapo tu ukivuka daraja, serikali mbili zinanigombania kama mashangazi wanaogombea kumlisha bwana harusi. Kila moja inataka kodi yangu. Nani mwingine anapendwa hivyo?

Hata hivyo, nina malalamiko.

1. Sheria ya mpakani inasema anayefanya kazi ng'ambo na kurudi kulala kwake, kodi alipe kwake. Safi kabisa. Ila mke wangu Solange kanifukuza. Kosa langu? Jumapili mezani, mbele ya baba yake, nilisema saladi ya viazi ya Wajerumani ni tamu kuliko yetu. Solange akaweka kijiko chini. "Ehe! Basi kalale na viazi vyao!" Baba mkwe akanong'ona, "Mwanangu, hapo hata mimi sikuokoi."

2. Sasa nalala kwenye kochi la Detlef, fundi mwenzangu, huko huko Ujerumani, na mbwa wake ananilalia miguuni. Bibi Traudl, karani wa mishahara kazini kwetu, akijua nimehamia huko, kodi yangu itabaki huko. Detlef anacheka mpaka anakohoa: "Karibu kwetu, kaka! Ulisifu viazi, sasa lipia!"

3. Sapatu zangu za chumbani, jogoo wangu na upande wangu wa kitanda havijavuka mto. Naomba usingizi wa sapatu uhesabiwe kuwa wangu.

4. Ikishindikana, mpelekee Solange amri yenye mhuri afungue mlango kwa manufaa ya taifa. Mwanamke mmoja anaikosesha Jamhuri mapato kwa ajili ya viazi, na nyinyi mmenyamaza!

5. Na hiyo nayo ikishindikana, sogezeni mpaka. Sitaki makubwa: kidogo tu, kochi liingie Ufaransa. Mbwa abaki Ujerumani.

Wasalimie wote hapo ofisini, hata yule bawabu anayenikataza kuegesha baiskeli yangu.

Mlipakodi wako mpendwa,
Aloyse Ginglinger

Nyongeza: Nimepita nyumbani kuchukua stempu. Mlango haukuwa umefungwa. Solange akaniangalia, akasema, "Mjinga wewe, nilikwambia ukalale, sikukwambia uhamie. Kaa ule." Nimekula viazi sahani mbili, bila kuwataja Wajerumani. Kwa hiyo amri ya mhuri acha, na mpaka uacheni ulipo.

Tena zile serikali hazinigombanii. Nilidanganya. Bibi Traudl aliniuliza tu, "Bwana, kwako ni wapi?" nami nikashika kalamu kukuandikia wewe. Kesho nitamjibu: kwangu ni kwa Solange.