Babu wa Kapteni Kasim

Siku kamati ya nyumba ilipotangaza kwamba itapita mlango kwa mlango Old Kampala, ikimuuliza kila askari amepataje nyumba anayolala, watu wengi wenye nyota mabegani walipoteza hamu ya kula. Anselme Murhula, yeye, aliagiza sahani ya pili.

Alikuwa ameketi kwenye kibanda cha nyama choma karibu na kambi ya Mbuya, kavaa Kaunda suti ya kijivu iliyonyooka kwa pasi, mkoba wa ngozi mapajani. Ndani ya mkoba mlikuwa na karatasi tupu, kalamu mbili, na mhuri aliouchonga mwenyewe kutoka kisigino cha kiatu. Kwao Bukavu walikuwa wamemchoka. Kampala, ambako hakuna aliyemjua vizuri, alijiita Mtafiti wa Asili za Majumba. Cheo hicho hakikuwapo popote duniani, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Meza ya pili alikaa Kapteni Kasim, mtunza stoo wa jeshi, akiliangalia ini lake bila kuligusa. Kapteni alikuwa na nyumba ya ghorofa moja Old Kampala, duka chini na roshani juu, aliyoingia wiki ileile Wahindi walipofukuzwa. Sasa kanali mmoja alikuwa ameipenda ile roshani, na kamati ilikuwa njiani.

"Wananiuliza nimetoa wapi hii nyumba," Kapteni alimlalamikia mwenye kibanda. "Mimi nitasema nini? Nilikuta mulango wazi?"

Anselme alivuta kiti chake taratibu, kama daktari anayemkaribia mgonjwa mwenye pesa.

"Mon capitaine, mutu haulizwe alitoa wapi nyumba ya babu yake."

"Babu yangu hajaona Kampala hata kwa ndoto."

"Uyo ni babu mwenye alikuzaa. Mimi niko nazungumuza juu ya ule mwenye nitakutafutia."

Kapteni akala ini.

Ni lazima tumwonee Kapteni huruma kidogo, kisha tumalizane nayo. Miaka mitatu nyuma aliitwa Komakech, na jina la Kiacholi jeshini lilikuwa limeanza kuwapeleka watu mahali wasikorudi. Basi Komakech akabadili dini Jumanne, na kufikia Ijumaa alikuwa Mnubi kamili, mjukuu wa wale askari wa Sudani walioletwa zamani kulinda ngome ya Old Kampala. Wakubwa wa wakati ule waliwapenda Wanubi. Tatizo la Kapteni lilikuwa moja tu: alikuwa mjukuu asiye na babu. Alitembea na kofia ya kushonwa kichwani na shimo kubwa nyuma ya jina lake, akiomba Mungu mtu asichungulie.

Mpango wa Anselme ulikuwa na miguu mitatu. Kwanza, karatasi yenye mhuri inayosema kiwanja kile alipewa askari wa ngome zamani, kabla Mhindi hajajenga juu yake. Pili, kaburi la askari huyo uani. Tatu, shahidi mzee wa ukoo, mwenye machozi ya karibu.

"Na wewe nataka nini?" Kapteni aliuliza.

Anselme alikitazama kiuno cha Kapteni, pale uliponing'inia ufunguo mrefu wa shaba.

"Duka ya chini. Ufunguo tu."

Miaka tisa Anselme alikuwa akiuza vitu kutoka mkobani: dawa za kuongeza urefu, vibali vya kusafiri, ramani za migodi ya dhahabu. Alichokitamani kuliko chakula ni mlango wake mwenyewe, wenye kibao juu, ambao jioni angeufunga na asubuhi angeukuta. Tapeli naye huota ndoto za karani wa posta. Walipeana mikono, na Kapteni akaufunika ufunguo kwa kiganja.

Shahidi alipatikana soko la Nakawa. Alikuwa bibi wa Kinubi, mwembamba, mwenye kipini puani, anayesuka na kuuza kawa za rangi za kufunikia vyakula. Sokoni walimwita Haboba Zenabu, maana haboba kwa Wanubi ndiyo bibi. Anselme alichuchumaa mbele yake akamweleza kazi kwa maneno laini, kwamba ni kusaidia tu, kwamba ni ukweli unaotafuta mdomo.

"Nyumba gani?" Haboba aliuliza bila kuinua macho.

"Old Kampala, chini ya ule musikiti mupya wenye hawajamaliza. Ile ya roshani ya kijani."

Ukindu ulisimama mikononi mwa bibi kwa muda, kisha ukaendelea.

"Mimi najua hiyo nyumba."

"Kila mutu anaijua, Haboba." Anselme alitoa karatasi. "Utasema wewe ni binti ya Efendi Murjani, mwenye alipewa kiwanja."

"Hiyo jina hapana. Weka Sajini Farajala."

Anselme alilionja jina mdomoni, akalipenda. Lilikuwa na vumbi la zamani ndani yake. Akaandika.

"Na namba yake ya jeshi," bibi akaongeza. "Mia nne na kumi na saba."

Hapo Anselme karibu ambusu. Uongo mzuri hupenda tarakimu, na wanafunzi wachache huelewa hilo siku ya kwanza! Akaandika namba. Kisha, ili ushahidi wa bibi uwe na uzito, akaandika kwa mkono wake kwamba Zenabu ndiye mtoto pekee wa marehemu aliye hai, na kwamba Kapteni Kasim ni mtoto wa kaka yake, marehemu Juma. Jina la Juma pia alilitoa bibi. Anselme alipiga mhuri, akapuliza wino, akajisifu kimoyomoyo kwa kupata mwanamke mwenye kipaji.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Anselme siku zote aliamini kwamba wanaosema hivyo hawajui kupita uchochoroni.

Kaburi alilijenga Ijumaa, saa ambayo mtaa mzima ulikuwa kwenye sala na Kapteni amekaa safu ya mbele ili aonekane. Alifukua kidogo, akatengeneza tuta, akalipiga simenti, akalipaka samadi ya ng'ombe na kuvumwani za kijani alizobandua kwenye ukuta. Akarudi nyuma kulitazama. Lilikuwa zuri, limefuata mteremko wa kilima, kichwa juu na miguu chini, sawasawa na makaburi ya misheni alikokulia. Kosa lake lilikuwa hapo, na mtoto yeyote wa madrasa angemwonyesha. Lakini watoto wa madrasa walikuwa kwenye sala.

Kamati ilifika Jumatano asubuhi. Mwenyekiti wake alikuwa Meja mmoja mnene wa Kinubi, Mnubi wa kuzaliwa, mwenye fimbo ya mianzi na macho yasiyocheka. Nyuma yake alifuata karani Wanyama, na daftari lake kifuani.

Anselme alisoma karatasi kwa sauti ya padri. Haboba, katika shuka lake jeupe, alikaa kwenye kigoda bila kutoa hata chozi moja, jambo lililomuudhi Anselme sana. Kisha msafara ukaenda uani.

Meja alilitazama kaburi. Akatazama jua. Akatazama kaburi tena.

"Hii Mwislamu gani?" aliuliza. "Kibla iko huku. Huyu nalala kama nateremuka kwenda kununua sigara."

Meja akakwaruza tuta kwa fimbo, kuvumwani zikaanguka, na simenti ikatokea chini yake, mbichi na ya buluu.

"Hii iko ya wiki hii. Kapteni, nani iko ndani?"

Swali hilo mwaka ule halikuwa la mzaha. Mji mzima ulijua kwamba watu walikuwa wakipotea, na mji mzima ulikuwa umejifunza kutouliza wako wapi. Sasa aliyeuliza alikuwa Meja, kwa sauti, mbele ya karani anayeandika. Kapteni akawa rangi ya majivu. Akamtazama Anselme, na mkono wake ukateremka ukapita ufunguo, ukafika kwenye bastola. Anselme alifungua mdomo. Ulimi ule uliouza ramani za migodi isiyokuwapo ulikataa kutoa hata salamu. Aliogopa, tena aliogopa vibaya, na ile suti nzuri ikamlowa mgongoni.

"Ni choo," Haboba alisema.

Wote wakageuka.

"Huyu mtu nilituma yeye chimba choo. Nikasema, weka na kifuniko ya simenti. Yeye ameanza na kifuniko, shimo bado." Akatikisa kichwa. "Mtu ya karatasi."

Wanyama karani alicheka kwanza, halafu Meja, na kicheko cha Meja kiliwapa wengine ruhusa ya kupumua.

"Na baba yako iko wapi, Haboba?"

Bibi aliinuka bila kuongozwa. Alipita jiko, akapita birika la maji, akasimama penye kichaka cha miiba kwenye pembe ya ukuta ambayo Anselme hakuwahi kuikaribia kwa kuogopa kuchana suruali. Askari wawili wakakata miiba. Chini yake kulikuwa na kaburi la mawe lililozama, limelala upande linaopaswa kulala. Kwenye jiwe la kichwani, kwa patasi ya mtu asiye fundi, ilichongwa namba: 417.

Meja alichukua karatasi kutoka mkono wa Anselme. Akasoma, akatazama jiwe, akasoma tena. Kisha akabana visigino, akapiga saluti.

Katika maisha yake yote Anselme alikuwa ameandika kurasa mia kadhaa, na kwa mara ya kwanza alikuwa ameandika ukweli, bila kukusudia, bila kulipwa.

"'Mtoto pekee aliye hai,'" Meja alisoma. "Mhuri iko. Sahihi iko. Basi nyumba ni ya Haboba. Kapteni, unapinga shangazi yako?" Akamsogelea. "Ama unasema huyu hapana shangazi yako?"

Mahali fulani ndani ya tumbo la Kapteni, mtu aitwaye Komakech alijikunyata.

"Ni shangazi yangu, afande."

"Toa ufunguo."

Kamati ilipoondoka, Haboba alimwita Kapteni karibu. Anselme, aliyekuwa ananyata kuelekea lango, alisikia kila neno.

"Ndugu yangu Juma alikufa na surua," bibi alisema kwa upole. "Alikuwa na miaka sita. Hakuzaa mtu. Lakini mimi nitasema wewe ni mtoto yake, mpaka nikufe. Wewe lala huko nyuma, kwa chumba ya boi. Ijumaa leta nyama. Hapana ya mifupa."

"Ndiyo, shangazi."

"Na huyo ya mkoba, asipotee. Meja alisema atarudi kuona choo."

Kapteni aligeuka. Alikuwa amepoteza nyumba, duka na roshani kwa asubuhi moja, na uso wake uling'aa kidogo alipogundua kwamba bado kulikuwa na mtu mmoja wa kumwamuru. Akachomoa bastola, akamwonyesha Anselme sepetu kwa mtutu wake.

Wahenga walisema mchimba kaburi huingia mwenyewe. Juu ya mchimba choo hawakusema kitu, labda kwa aibu. Anselme Murhula aliikunja Kaunda suti yake juu ya mkoba, akaivunja simenti yake nzuri, akaanza kuteremka. Siku ya nne ni kichwa tu kilichoonekana kutoka dukani, ambako Haboba alikuwa amezipanga kawa zake za rangi mlangoni, ufunguo wa shaba kiunoni. Siku ya saba hata kichwa hakikuonekana.

"Umefika futi ngapi?" Haboba aliuliza adhuhuri moja, kutoka kizingitini.

"Kumi na mbili, Haboba!" sauti ikajibu kutoka ardhini. "Hazitoshe?"

"Baba alichimba thelathini," Haboba alisema. Kisha akavuta mlango wa duka, akaufunga kwa ule ufunguo mara mbili, akaenda kuswali.