Ng'ombe Asiyeshusha Maziwa Bila Umbea

Jumatatu, 4 Mei

Mvua. Nimemkamua Tusekile: kikombe kimoja! Ng'ombe aliyekuwa akimjazia marehemu mke wangu ndoo! Kwangu anabana maziwa kama mtu anayeficha sadaka.

Jumamosi anakuja Mama Veronika, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji. Tusekile ni wa mkopo. Alipewa mke wangu Winfrida, na Winfrida hayupo, kwa hiyo lazima nionyeshe kwamba ninamweza. Ndoo isipofika nusu, anahamia kwa jirani yangu Godwin, anayefuata kwa zamu. Godwin ameshajenga banda! Amelipaka na rangi! Leo amepita, akanisalimu Ugonile, akauliza mkwe wake ameamkaje. Tusekile, mkwe!

Simtoi. Winfrida alimlea tangu mtamba. Alikuwa akimpapasa kiwele kila Jumapili baada ya ibada kuona kama kinakua, kama mama anayetafuta jino la kwanza la mtoto.

Mpango: chakula. Nimempa mkungu mzima wa ndizi mbivu.

Jumanne, 5 Mei

Anaharisha. Maziwa nusu kikombe. Kinyesi, tusiongelee.

Nimempigia binti yangu Prisca, yuko Tukuyu mjini. Amecheka mpaka simu ikakwaruza. Akasema, baba, kwani hukuwahi kusikia? Mama alikuwa anampa umbea. Anakaa kwenye kigoda, anapasha viganja joto kwapani, anaanza: nani kagombana na nani, nani kaazima jembe hajarudisha. Ng'ombe anatulia, anacheua, maziwa yanashuka yenyewe.

Miaka yote hiyo nilidhani anasali.

Jumatano, 6 Mei

Sina umbea. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimemsimulia bei ya mbolea: teke. Nimemsomea Zaburi: teke, la heshima kidogo.

Basi nikatunga. Nikamwambia kwamba Godwin anapaka nywele rangi ya viatu. Sikio likageuka. Nikaongeza kwamba mvua ikinyesha inamchuruzikia shingoni, ndiyo maana hatoki bila mwavuli. Kyala, Mungu wangu! Chuchu zikalegea. Jagi zima!

Uongo mtupu. Lakini mtamu.

Alhamisi, 7 Mei

Asubuhi: Godwin kwenye kwaya anafungua mdomo tu, sauti haitoki. Jagi na nusu.

Jioni: Godwin anamwogopa jogoo wake mwenyewe. Majagi mawili, na povu juu! Hapohapo mtu akakohoa kwenye migomba. Godwin, na mzigo wa matete kichwani. Sijui alisimama tangu lini. Akasema taratibu kwamba nywele zake ni za kurithi. Kumbe anasikiliza tangu jana!

Tusekile naye akafunga bomba palepale.

Ijumaa, 8 Mei

Siwezi tena kutunga, migomba ina masikio. Mpango mpya, wa akili: sikamui kabisa. Maziwa ya leo yalale, yakutane na ya kesho. Akiba! Kwa nini Winfrida hakuwaza hili?

Mchana kiwele kama ngoma. Jioni kinadondosha chenyewe, na Tusekile analia. Godwin amekuja uani, akasema, baba Prisca, tafadhali, mkamue mnyama. Nikamwambia mbinu zake nazijua.

Jumamosi, 9 Mei

Aibu! Wamekuja kikundi kizima. Tusekile amepiga ndoo teke ikamkosa mweka hazina. Hata tone. Mama Veronika akashika kiwele, akasema ni cha moto, na kwamba kiwele si debe la kuhifadhia: kikiachwa kimejaa, chenyewe kinaamua kazi imetosha, kinapunguza. Anayetaka maziwa mengi akamue mpaka mwisho. Akaniuliza kama Winfrida aliniachia ng'ombe au adhabu. Akaagiza kamba iletwe.

Nilishika tu pembe ya Tusekile.

Godwin akavua kofia, akaomba apunguze uchungu kwanza. Akakaa. Hola. Tusekile hamjui. Akanitazama, kisha akaanza kumsimulia kwamba mwenye nyumba hii kila asubuhi analiaga sweta la marehemu lililo msumarini. Sikio likageuka. Nikasema siliagi! Ninaliambia hali ya hewa tu, alikuwa anapenda kujua. Godwin akasema kuaga ni kuaga. Nikasema mtu wa rangi ya viatu anyamaze. Tukabishana hivyo, na maziwa yakaja. Yakaja! Nusu ya ndoo, na zaidi kidogo.

Mama Veronika akafuta macho. Hukumu: Tusekile anabaki kwangu, ila tumkamue wawili, asubuhi na jioni, na maziwa tugawane sawa.

Nikashukuru: ndaga. Godwin pia.

Jumapili, 10 Mei

Godwin amefika kabla ya kengele ya kanisa, na kigoda chake. Tumebishana vizuri, ndoo imejaa. Akabeba nusu yake. Nusu nzima! Imeniuma.

Nimefikiri wakati wa mahubiri. Jioni nikamnong'oneza Tusekile abane kidogo mbele ya Godwin, akiba ndogo tu, ibaki kiweleni mpaka mgeni aondoke. Godwin alipoondoka na nusu yake nikarudi na jagi.

Teke. Tone moja.

Kosa ni langu. Nilimnong'oneza sikio la kulia, upande anakokaa Godwin. Kesho nitatumia la kushoto.