Koti Lenye Kiuno

Alhamisi, 7 Novemba

Imeamuliwa. Jumamosi ya wiki ijayo sisi wasichana wa klabu ya skii, mchezo wa kuteleza thelujini, tunapanda mlimani kupigwa picha palepale tulipopigwa mwaka 1983, kwa mpangilio uleule. Wasichana! Mdogo kuliko wote ana miaka hamsini na miwili na goti la bandia.

Katika picha ya zamani mimi ni wa tatu kutoka kushoto. Nimevaa koti la buluu alilonishonea mama, aliyekuwa fundi katika kiwanda cha nguo za michezo hapa mjini. Koti la skii, la kuzuia baridi na upepo, na bado lilikuwa na kiuno. Mwaka uliofuata nililiunguza mwenyewe, kwa kulianika juu ya jiko la kuni. Kiwanda sasa kinauza vigae vya bafuni. Mama tulimzika Machi.

Nataka koti kama lile. Lisifure, lisinining'inie. Mtu akiziweka picha mbili pamoja aseme, aa, ni yuleyule, yule binti wa fundi Ana.

Si kwa ajili ya Milojka. Milojka ni wa nne kutoka kushoto, ana kiuno cha nyigu tangu shule ya msingi, na ananijulia hali kwa kuniangalia tumbo. Lakini hii haimhusu hata kidogo.

Jioni nimekwenda kwenye maduka ya mji wa Kranj. Balaa. Koti la kwanza, godoro. La pili, godoro lenye kofia. La tatu lilinibana kifuani, likaachia kiunoni, likanibana tena makalioni, kama lilikatwa kwa vipimo vya chungu. Binti wa duka akaniambia kwa upole kwamba siku hizi watu wanapenda nafasi ya kuvaa sweta ndani. Nikamwambia sisi tulivaa sweta ndani na bado tulionekana watu. Akaniuliza kama nataka kuona ya wanaume.

Ijumaa, 8 Novemba

Nina mpango. Kesho ni gulio letu la kila vuli, pale kwenye ukumbi wa shule: mji mzima unaleta skii, viatu na makoti yaliyotumika, klabu inauza na kujipatia chochote kwa ajili ya watoto. Anayejitolea kupokea vitu leo anaviona kabla ya wengine. Kwa hiyo nimejitolea. Miaka kumi na tano sijawahi. Mwenyekiti amenishukuru mbele ya watu, na nimejisikia vizuri kidogo.

Sheria ni moja: sisi wa kujitolea haturuhusiwi kununua wala kuweka kitu pembeni mpaka milango ifunguliwe. Sheria nzuri sana kwa watu wengine.

Na nikaliona. Saa kumi hivi, chini ya rundo la suruali. Koti la kike, rangi ya divai, jembamba, jepesi, mishono miwili inashuka kutoka kifuani na kukutana kiunoni. Nimesimama nimelishika kama mjinga. Nilisikia harufu ya chaki ya mama. Najua koti lile halikuwa na harufu ya chaki, lilinukia nafthalini, dawa ya kufukuza nondo, lakini naandika nilichosikia.

Mama alikuwa anapima akiwa na pini mdomoni, na hakukubali kuchoma pini hata moja mpaka utoe pumzi yote. Nguo ni ya mtu anayepumua, alikuwa anasema, na ukijikaza alikufinya.

Nimelificha vizuri. Nimevua koti langu la kila siku, lile nene la kijivu, nikaliingiza lile la divai ndani yake, nikafunga zipu mpaka juu na kuyatundika pamoja nyuma kabisa ya fremu ya makoti ya wanawake. Kesho mlango ukifunguliwa nachukua langu na kutoka. Nimerudi nyumbani natetemeka, bila koti. Ciril, mume wangu, kaniuliza limekwenda wapi. Nimemwambia liko kazini.

Jumamosi, 9 Novemba

Siwezi kuamini. Kabla ya kufungua, Milojka, ambaye bila shaka naye alijitolea, alipita fremu kwa fremu kukagua bei. Akalikuta langu halina lebo. Akaliinua juu mbele ya wote akauliza ni la nani.

Ningefanyaje? Ningesema langu, wangenikabidhi, Milojka angeona lilivyofura, angefungua. Mwenyekiti yuko pale, yule aliyenishukuru. Nikaangalia dari.

Milojka akasema basi heri liuzwe kwa ajili ya watoto. Akaliandikia bei mwenyewe. Bei ya matusi, ya kutupa.

Kwa hiyo mlango ulipofunguliwa nilizunguka nje, nikaingia na umma, nikamsukuma mama mmoja mgeni wa kutoka Zagreb mwenye watoto watatu, nikalinyakua koti langu mwenyewe na kupanga foleni kulinunua. Mezani nani? Milojka. Akalipapasa. Akafungua zipu taratibu, kama mkunga.

"Hongera, shoga," akasema. "Koti limejifungua."

Nimelipa mawili. Foleni nzima ilicheka, na Ciril, aliyekuwa meza ya viatu, alicheka kuliko wote.

Jumapili, 10 Novemba

Nimelivaa mbele ya kioo. Linafunga! Ila kwa masharti: nisiwe na sweta, nisiinue mikono, nisivute pumzi kwa nguvu. Ciril katazama akasema koti halina tatizo lolote, limenitosha, ni mimi niliyelizidi. Simpikii leo.

Lakini kwa pembeni, nikijikaza, ni mimi. Nimesimama hapo mpaka kioo kikaingia ukungu.

Jumatatu, 11 Novemba

Sikukuu ya Mtakatifu Martin. Divai mpya na bata bukini kwa wifi yangu Ljudmila. Niliapa njiani kwamba nitakula kabichi tu.

Kabichi ilikuwa imepikwa kwa mafuta ya bata. Nikaona basi, maadamu bata ameshaingia, aingie mzima. Ljudmila ananiongezea bila kuniuliza, na ukikataa anatazama picha ya marehemu mama yake ukutani. Nimekula mpaka nikafungua kifungo cha sketi. Kesho naanza supu.

Jumamosi, 16 Novemba

Supu haikusaidia. Leo asubuhi nimevaa koti la divai juu ya blauzi ya hariri, na chini ya blauzi hakuna kitu. Nje nyuzi nane chini ya sifuri, huko juu sijui. Nikajipa moyo kwamba ni picha moja tu.

Milojka akaja na koti kama gunia la viazi. Nyigu mzima kaingia ndani ya gunia. Nilifurahi kiasi kwamba nikapanda naye kiti kimoja cha lifti ya waya inayopanda mlimani.

Katikati ya mlima lifti ikasimama. Upepo. Tumening'inia pale, miguu inabembea juu ya misonobari, nami meno yanagonga mpaka nikashindwa kuficha. Milojka akanitazama.

"Umevaa nini humo ndani, Vlasta?"

Nikamwambia nina vitu vya kutosha. Akanishika mkono, akausikia, akafungua zipu ya gunia lake. "Njoo huku, kichaa we. Utanifia kwenye kiti."

Nikaingia. Ndiyo, nimeandika, nikaingia. Tulitosha wawili. Tukakaa hivyo, shavu kwa shavu, kama tulivyokaa ndani ya basi la klabu tukirudi kutoka mashindanoni.

Akaniambia anasikia baridi siku hizi hata Julai, kiuno si kitu mtu akisikia baridi. Halafu akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba koti lake la 1983 pia lilipunguzwa na mama yangu. Alikuwa amerithi la dada yake, pana, alikuwa analia chooni. Mama alimwita jikoni kwetu mimi nikiwa mazoezini. "Alinifinya mpaka nikatoa pumzi," akasema. "Akaniambia nisikwambie, ungenuna."

Ningenuna kweli. Nilinuna palepale, nikalia palepale, machozi yakaganda. Lipo bado, akasema. Lipo kwake kabatini.

Lifti ilipofika, nilikuwa siwezi kusimama peke yangu kwa baridi. Tumepigwa picha hivyohivyo, vichwa viwili kwenye gunia moja. Wa tatu na wa nne kutoka kushoto.

Jumapili, 17 Novemba

Picha imefika. Wote wameisifu. Koti la divai halionekani hata uzi.

Mchana nimekwenda kwa Milojka na keki. Nimemwomba aniazime koti lile la 1983 mpaka Jumapili ijayo, nilitazame tu. Kalitoa kabatini, kanipa.

Nimeligeuza ndani nje mezani. Kiuno kimeshonwa kwa mkono, uzi wa buluu, uleule wa koti langu, na kila mshono unainama kidogo kushoto kama alivyokuwa anainamisha mama. Nimepitisha kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Ningeweza kumtambua gizani. Nimemkumbuka mpaka Ciril kazima redio mwenyewe.

Jumapili, 24 Novemba

Milojka kapiga simu kuulizia koti, nikiwa nimelipakata. Nimemwambia nondo wamelila. Lote? akauliza. Nikamwambia lote, na zipu. Kasema pole, shoga, na kwamba atapita kesho kuniona.

Kesho! Sasa nahitaji nondo.