Mtani Nyuma ya Kaunta ya Kokteli

Kwa Bwana Hija, Katibu,
Kamati ya Klabu ya Johari,
Temeke.
Julai 1953.

Bwana Katibu,

Pokea salamu zangu pamoja na heshima unayostahili kwa cheo chako. Hali yangu ya mwili ni njema. Hali nyingine ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Namlalamikia Mwishehe, mchanganya vinywaji wenu, na naomba Kamati ichukue hatua kabla hajawaharibia wanachama wengine maisha. Najua wewe ni Mzaramo kama yeye, mimi ni Mnyamwezi, na makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara ya pembe. Nakuomba sana uisome barua hii kama Katibu.

Jumamosi iliyopita nilikuja klabuni na Bi Felicitas, nesi, mzaliwa wa Bukoba, ambaye ana miezi michache tu hapa mjini. Sikuja kucheza dansi tu. Nilikuja kumwomba akubali kuolewa nami. Sentensi yenyewe nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo mpaka jirani yangu Mwanabaraka akaniuliza kupitia ukutani kama nina mgeni. Nilichagua klabu yenu kwa sababu ina taa za rangi, vitambaa vya meza na kinywaji kiitwacho kokteli, mambo yanayomfanya mwanamume aonekane ana maisha mbele yake. Yaliyonikuta ni haya:

1. Kokteli yenyewe. Kwa kuwa Serikali inaamini kwamba Mwafrika akinywa jini bila kibali nchi itaanguka, kokteli yenu ni maji ya machungwa, tangawizi, na kipande cha papai kilichochomekwa kijiti. Hilo nalisamehe. Nilikunywa ya kwanza na nikalewa kidogo, kwa heshima ya jina. Lakini Mwishehe alipoleta glasi ya pili, aliinywa nusu mbele yangu, akajifuta mdomo kwa tai yangu, akasema, "Mpagazi hapewi glasi nzima, atashindwa kubeba." Mtani ana haki ya kuchukua, najua. Bi Felicitas hakujua. Kwao mtu akikunywea kinywaji chako mnakwenda kuamuliwa kwa chifu.

2. Alimweleza Bi Felicitas, kwa uso mkavu, kwamba babu yangu alitoroka na pembe ya ndovu ya babu yake walipokaribia Bagamoyo, na kwamba mimi nimewekwa mjini chini ya ulinzi wa ukoo wake mpaka pembe ionekane. "Sie hatumwachi aoe, bibie. Akioa, mizigo yetu atabeba nani?" Bi Felicitas aliniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama pembe hiyo bado iko nyumbani, na kama haiwezekani kuirudisha kimyakimya.

3. Koti. Nililitundika kwenye kiti, mtani akalichukua akalivaa. Sheria yenu iliyobandikwa mlangoni inasema mwanamume asiye na koti haruhusiwi kukanyaga sakafu ya dansi. Bendi ilipoanza rumba niliinuka, na mlinzi wenu akanirudisha kitini kwa adabu kubwa. Bi Felicitas akacheza na koti langu, na ndani ya koti alikuwamo Mwishehe. Anacheza vizuri. Hilo nalo naliandika kama lalamiko.

4. Nilijaribu kumjibu, maana anayemkasirikia mtani ndiye aliyeshindwa. Nikamwambia kwamba alizaliwa amelala, na kwamba Wazaramo hupanda minazi ili wapate kivuli cha kuendelea kulala. Meza za jirani zilicheka na kupiga makofi. Bi Felicitas hakucheka. Alisema mwanamume anayemtukana mhudumu hadharani atamtukana na mke nyumbani. Kwa hiyo Mwishehe kunitukana ni burudani, na mimi kumjibu ni tabia mbaya.

5. Alishika kipaza sauti akatangaza kwamba nimefariki. Akanililia kama watani wanavyofanya msibani, akiiga mwendo wangu na jinsi ninavyoshika kijiko. Bendi nayo, bila kuombwa, ikapiga polepole. Bi Felicitas, kwa kuwa ni nesi, alinishika mkono kutafuta mapigo ya moyo. Hapo nilifurahi kidogo.

6. Basi, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa tayari mkononi mwake, nikaisema sentensi yangu. Niliisema yote, bila kukosea. Bi Felicitas, akidhani nami nimejiunga na mzaha wa Mwishehe, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akanipiga begani, akasema, "Na wewe umeanza!" Bwana Katibu, sijawahi kusema jambo la kweli kama lile tangu nizaliwe, na limechekwa kama kichekesho cha baa. Nilimsindikiza nyumbani bila koti na bila neno. Nimeumia, na naandika hivyo bila kuona haya.

Kwa hiyo naomba kila mteja aulizwe kabila lake mlangoni, kisha ahudumiwe na mtu asiye mtani wake. Nimejaribu kuwapangia mwenyewe ili kuipunguzia Kamati kazi. Mnyamwezi hawezi kuhudumiwa na Mzaramo, wala Mgogo, wala Mngoni, na hao nao wana watani wao, mpaka nikajikuta nimeimaliza nchi nzima na kaunta iko tupu. Nilipofikiri zaidi niliona kwamba kabila pekee lisilo na utani na mtu hapa Tanganyika ni Waingereza. Wao wanatutania tangu ilipokwisha vita ya Mjerumani, ila hawataniwi. Naomba basi Kamati imwandikie Gavana atupe Mwingereza mmoja asiye na shughuli nyingi, na nasikia wapo, aje Temeke asimame nyuma ya kaunta atuchomekee papai. Habari ya kibali cha jini yeye haitamsumbua.

Wakati tukimngoja, Mwishehe afukuzwe.

Nisalimie wanakamati wote, wapiga bendi, mlinzi wa mlangoni ambaye alifanya kazi yake, na Mama Somoe wa mishikaki. Wasalimie pia wote walioondoka mapema Jumamosi ile wakiamini nimekufa.

Ni mimi mwanachama wenu mtiifu, ninayengoja haki,

Polikarpo Mihayo,
Karani wa bohari.

Baada ya sahihi: Barua ilikuwa bado haijatiwa stempu, Bi Felicitas akanijia boharini. Mwenzake wa wodini, Chausiku, ambaye ni Mzaramo, amemfafanulia habari ya watani. Aliniuliza kama ile sentensi nayo ilikuwa utani. Nikasema hapana. Akasema basi Jumapili nitume mshenga kwa mjomba wake, Magomeni. Nilimtajia karani mkuu wangu awe mshenga, nikamtajia na katekista. Amewakataa wote wawili, anamtaka Mwishehe. Kwa hiyo asifukuzwe, tena naomba sana apewe ruhusa Jumapili mchana. Nilimwuliza Bi Felicitas kwa nini ampeleke kwa wazee mtu kama yule. Amesema wale wakubwa wawili watamweleza mjomba mazuri yangu tu, lakini Mwishehe ameshamweleza yeye mwenyewe mabaya yangu yote, na bado yeye amekuja kunitafuta.