Sentensi Nne za Kumteka Bibi

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi wa ghala anastaafu mwisho wa mwezi. Nafasi ni yangu. Nimefunga maboksi ya vifungo vya nguo hapa kiwandani mpaka mgongo umegoma, na msimamizi anakaa kwenye kiti. Kiti chenye mto! Kikwazo: anayechagua ni Bibi, mama mzazi wa tajiri, naye anazungumza Kichina cha Kikantoni tu. Mpinzani ni mmoja, mwenzangu wa meza ya kufungia. Tunamwita Kijiko kwa sababu kijiko hakimtoki mfukoni mwa shati. Nasikia naye anajifunza. Nimepakua masomo kwenye simu.

Jumanne, 4 Machi
Kikantoni kina sauti sita. Neno lilelile ukilipandisha lina maana hii, ukilishusha lina ile. Lugha nzima itanifikisha kaburini. Basi najifunza sentensi nne, ila zitoke kama kwa mzaliwa. "Sik jo fan mei a?" Umeshakula? Ndiyo salamu yao. "Hai a." Ndiyo. "Mou man tai." Hakuna tabu. "M goi." Asante. Masomo ya kusikiliza nimeyaruka. Mke wangu kalalamika kwamba najifungia bafuni kuimba. Nikamweleza kuwa humo sauti inarudi vizuri. Akasema debe tupu haliachi kuvuma.

Alhamisi, 6 Machi
Kijiko kaniomba tufanye mazoezi wakati wa chai. Anatamka kama mtu aliyeungua ulimi. Anachokijua hasa ni kumwomba mtu aseme taratibu, na kuuliza hiki maana yake nini. Yaani unakwenda kuomba ukubwa huku unatangaza kwamba huelewi! Nikamwambia aendelee vivyo hivyo, yuko vizuri. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 7 Machi
Bibi kapita ghalani bila mkalimani wake. Nikamwahi mlangoni. "Sik jo fan mei a?" Kila sauti mahali pake. Uso wa Bibi ukafunguka. Akanikalisha juu ya boksi, akaanza kuongea. Akaongea, akaongea. Mara akamwonyesha Kijiko kwa kidole, akaniuliza jambo. Nikajua anataka kuhakikisha kwamba yule hafai. Hai a, nikasema, kwa masikitiko kidogo. Akauliza jingine, machozi yakimlengalenga. Mou man tai. Akanipigapiga begani. M goi, m goi. Kijiko alipoitwa, Bibi alilazimika kurudia kila neno. Nilimwonea huruma, kweli. Nimemwambia mke wangu anipigie pasi shati jeupe.

Jumatatu, 10 Machi
Tangazo liko ukutani. Msimamizi mpya ni Kijiko.

Nikamfuata mkalimani mbio. Akanieleza kwa heshima zote. Bibi alikuwa amenipangia mimi nafasi ile, kwa ukongwe wangu. Ila Kijiko ana mke mgonjwa na watoto wadogo, je, ningekubali kumwachia? Nikasema ndiyo. Akauliza kama sitaweka kinyongo. Nikasema hakuna tabu. Kisha nikamshukuru, mara mbili. Bibi anasema hajaona moyo kama wangu tangu azaliwe, na kwamba namkumbusha nyumbani kwao.

Kijiko kanikumbatia mbele ya watu, kile kijiko kikinichoma kifuani. Nimeumia sana. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanikanda mgongo kwa dawa.

Jumatano, 12 Machi
Kijiko anataka kunifundisha kusikiliza, kila siku baada ya kazi, kwa sababu eti mimi ni ndugu yake sasa. Nimekataa kwa upole. Mtu wa matamshi yale anifundishe mimi? Kosa langu nimeshaligundua: sentensi nne ni chache. Na kuna habari njema. Karani wa mapokezi anahama, kiti chake kina magurudumu, na Bibi anapita tena Ijumaa. Nimeshinda na sentensi ya tano tangu asubuhi, na imenyooka kama uzi. "Nei wa si la." Maana yake, amua wewe tu, Bibi.