Ala ya Kumi na Mbili ya Bastola Yangu

Jumamosi, 5 Oktoba

Siku mbaya. Charla, binti yangu, alimleta mjukuu wangu Emmy Jo tule kambare wa kukaanga. Baada ya kula mtoto akataka tucheze dansi ya bata aliyofundishwa shuleni. Nikachuchumaa. Bastola ikachomoka kwenye ala yake kiunoni, ikaanguka sakafuni, ikateleza hadi miguuni pake. Akaniambia kwa adabu kabisa: babu, umeangusha simu yako!

Charla alimnyakua mtoto, viatu mkononi. Mlangoni akatoa masharti. Wakiwa ndani ya nyumba hii, bastola ikae kwenye sefu, imefungwa. La sivyo hawaji, hata tarehe 19, Emmy Jo atakapotimiza miaka saba. Keki ataikatia kwa Gaylon Pruett.

Gaylon! Babu wa upande wa pili. Ana farasi mdogo. Tangu lini babu akahitaji farasi?

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimetafakari. Kosa si la bastola. Kosa ni la ala. Ile ni ya kitambaa laini, mdomo umelegea kama soksi kuukuu. Nikipata ala inayoshika sawasawa, Charla mwenyewe ataniomba radhi.

Nimeshusha boksi la ala kutoka kabatini. Hapa Oklahoma kila mwanamume anayebeba silaha ana boksi kama hilo, na hatulizungumzii mbele ya wake zetu. Zangu ni kumi na moja. Natoa risasi, natia bastola, naigeuza juu chini juu ya kitanda, natikisa. Nane zimeitema. Ya ngozi inashika, ila nikikaa inanichoma mbavu. Ya kwapani ilinasa kwenye shati, ikabidi Wanda aje kunikwamua. Moja sikuiona kabisa. Kumbe Wanda anaitumia kuwekea mkasi wake wa maua. Anasema mkasi haujawahi kuanguka.

Wanda ni mke wangu, tumeoana miaka arobaini na moja. Akauliza kama sefu imeharibika. Nikasema haijaharibika. Akasema, basi. Nikamwambia haelewi mambo ya usalama. Hatari ya mwisho mtaani kwetu ilikuwa bata mzinga wa jirani kupanda juu ya gari la posta. Na siku hiyo sikuwepo!

Ijumaa, 11 Oktoba

Ala mpya niliyoagiza imefika! Ya kumi na mbili. Ya kuvaa kwenye kifundo cha mguu. Plastiki ngumu inayofunika kifyatulio chote, kamba mbili, na kitufe cha kubonyeza kwa dole gumba ndipo iachie. Nimeitikisa mpaka mkono umechoka. Haitoki! Suruali inaificha yote. Kasoro ni moja tu, nachechemea.

Kwenye duka la mbegu nimemkuta Gaylon. Babu mwenzangu, akasema, mguu una nini? Nikasema ni uvimbe kidogo. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumapili, 13 Oktoba

Gaylon kaniandikisha kwenye orodha ya wagonjwa wa kuombewa!

Mchungaji Truett, macho yake hayaoni vizuri tena, aliniita mbele. Akapiga magoti kwa shida, akakishika kifundo changu kwa mikono miwili. Akakibonyeza kwa kidole. Kisha akawageukia watu kwa huzuni. "Wapendwa, huu uvimbe wa Ndugu Verlon ni mgumu kama chuma."

Kanisa zima likalia. Ningesema ukweli pale pale. Midomo ilikuwa imefunguka kabisa. Nikasema amina.

Gaylon aliutazama mguu, akanitazama mimi, akainamisha kichwa. Sikupenda alivyokiinamisha.

Jumanne, 15 Oktoba

Waumini wameleta mabakuli saba ya tambi na jibini. Friji haifungi.

Charla kapiga simu, analia. Baba, mbona ulinificha? Mambo ya bastola tuyaache kwanza, anasema. Sherehe itafanyika kwetu, Emmy Jo mwenyewe ameomba. Nilifurahi mpaka nikasahau kuona haya. Haya ilikuja baadaye, nikiwa kwenye bakuli la tatu.

Wanda kanishika shati. Ama nimwambie binti yangu ukweli, ama Jumamosi bastola iwe kwenye sefu kabla gari lao halijaingia uani, na maneno mengine yafuate. Nikaahidi. Na niliahidi kwa moyo wangu wote.

Jumamosi, 19 Oktoba

Naandika jikoni. Keki iko mbele yangu, mishumaa saba haijawashwa.

Asubuhi nilifika hadi kwenye sefu. Nikaufungua mlango. Nikawaza, sasa nikiivua, Charla ataonaje kwamba inashika? Nikaufunga. Wanda akauliza toka jikoni kama tayari. Nikasema tayari.

Emmy Jo aliingia na pakiti ya plasta zenye picha za farasi. Hakutazama keki wala zawadi. Akanikalisha kwenye kochi, akapiga magoti, akaanza kunikunja suruali. Nikavuta mguu. Akadhani ni mchezo, akauvuta kwake huku anacheka. Kisha akaacha kucheka. Babu, akasema, uvimbe wako una kamba.

Wote walitazama. Kulikuwa na mengi ya kusema. Nilichosema mimi ni hiki: "Charla, umeona? Haijatikisika hata kidogo!"

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. "Baba," alisema, "nimelia siku sita." Akamshika mtoto mkono. Emmy Jo aliniachia plasta zote, akawa anamwambia mama yake njia nzima hadi kwenye gari kwamba babu bado hajapona. Wanda alichukua pochi yake, akaenda nao kwa Gaylon.

Nimejuta. Naandika tena ili nisidanganye hata humu: nimejuta. Tangu nistaafu kazi ya kusoma mita za gesi hakuna mtu anayenisubiri popote. Bastola hunifanya nijione nalinda kitu. Leo wote wa kulindwa wameondoka, kabaki mlinzi na keki.

Jumatatu, 21 Oktoba

Gaylon kamrudisha Wanda. Akakaa nami barazani. Hakunitania. Akasema naye alikuwa anabeba silaha miaka mingi, ila tangu Emmy Jo azaliwe bastola yake hulala kwenye sefu. "Ni kugeuza ufunguo tu, Verlon." Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionishinda. Nikampa mkono, nikamshukuru kwa dhati.

Alipoondoka nikakaa peke yangu nikauona ukweli wote. Kosa lilikuwa kifundo! Mtoto wa miaka saba akipiga magoti, macho yake yako hapo hapo. Ala inatakiwa iwe juu. Nimeagiza ya kumi na tatu, ya kifuani, ina kufuli mbili.

Nikampigia Charla. Hakupokea, nikamwachia ujumbe wa sauti. Nilimweleza kufuli ya kwanza, kisha ya pili, kisha jinsi ya kuitikisa mwenyewe ahakikishe. Kuomba radhi nilikuwa nimekuweka mwisho. Simu ikakatika kabla sijafika hapo.