Kuhusu Picha Yangu Iliyo Ukurasa wa Ishirini na Mbili

Ndugu Mhariri wa Jarida la Safari,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa vizuri na chai iko karibu. Mimi naandika nimesimama, maana kiti changu kimekaliwa na beseni.

Ni mfua nguo katika nyumba ya wageni hapa kisiwani, mwaka wa kumi na tisa sasa. Miezi miwili iliyopita tulipokea kikundi cha kina mama wanane waliokuja, kwa maneno ya kiongozi wao, "kujitafuta". Kiongozi huyo sisi wafanyakazi tulimbandika jina la Bibi Pumua, kwa sababu ukimwambia maji yamekatika anakujibu pumua, na ukimwambia chakula kinapoa anakujibu pumua. Walikaa wiki moja wakaondoka. Kama walijipata sijui. Mimi chini ya vitanda vyao nilipata soksi tano, hakuna mbili zinazofanana.

Sasa Bibi Pumua amekuandikia makala kuhusu safari hiyo, nawe ukaichapa. Ukurasa wa ishirini na mbili nipo mimi, nimejaa nusu ukurasa, mdomo wazi, mikono juu. Chini yangu umeandika: "Mwanamke wa kisiwa akifurahia maisha yasiyo na haraka." Kwa heshima zote nawasilisha malalamiko yangu, nayo nimeyapa namba usije ukapotea.

1. Sikuwa nafurahia, nilikuwa nafukuza mbuzi. Alikuwa ameng'ata pembe ya shuka la chumba namba nne na anaondoka nalo, nami napiga kelele, "Wifi! Wifi, njoo na mwiko!" Wifi yangu ndiye mpishi wetu. Mbuzi haonekani kwa sababu mmemkata, lakini shuka lipo, na ukilitazama vizuri utaona halivutwi na upepo. Mpiga picha alikuwa mgeni mmoja, mhasibu, aliyesimama hatua tatu kutoka kwa mbuzi. Simu alishika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa hauna kazi.

2. Haraka ninayo. Kila mgeni alitumia taulo tatu kwa siku: ya kuogea, ya kukalia mchangani, na ya kulilia. Sifanyi utani. Bibi Pumua alikuwa na kipindi cha kulia kila siku saa kumi alasiri, na zile taulo zilirudi kwangu zimejaa wanja. Bomba letu hutoa maji mpaka saa tano asubuhi, na mvua ya hapa haina desturi ya kubisha hodi. Mwanamke asiye na haraka kisiwani humu nimemwona mmoja tu, naye alikuwa amezirai.

3. Siku ya Ukimya. Siku ya nne tuliamriwa wafanyakazi wote tusitoe sauti tangu asubuhi hadi jioni, ili wageni wazisikie nafsi zao. Wakatafuta majani mabichi kuliko yote uani, wakaketi duara, wakafumba macho. Ndugu Mhariri, majani yale ni mabichi kwa sababu chini yake kuna shimo la maji machafu, na mfuniko wake una ufa. Mtunza bustani alitaka kuwaambia. Alipunga mikono, akaziba pua, akaruka ruka kama mtu aliyekanyaga moto. Bibi Pumua alifumbua jicho moja, akaweka kidole mdomoni. Wakakaa hapo saa mbili nzima wakivuta pumzi ndefu. Katika makala yake nimesoma kuwa "harufu nzito ya ardhi ya kisiwa iliwaingia mpaka rohoni". Hilo sitalipinga.

4. Somo la Kufua. Siku ya sita waliletwa kwangu "kuonja kazi ya mikono". Kila mmoja alisugua kitu kimoja kwa dakika kumi. Daktari wa meno alisema povu limemkumbusha utoto wake, akalia kabla ya saa kumi, nje ya ratiba. Kisha kengele ya chakula ikalia, wakaniachia mashuka manane katika sabuni na jua linakwea.

Hapa sina budi kusema kweli. Mmoja wao alibaki. Alikuwa mama mtu mzima, mkunga aliyestaafu, mwenye kofia pana na maneno machache. Alikunja mikono ya gauni lake, akasuuza mashuka yote manane pamoja nami, akakamua kama mtu aliyekulia nyumba yenye watoto wengi. Tulipomaliza akaniuliza, "Mgongo wako unauma upande gani?" Nikamwonyesha. Akanikanda pale pale, kwenye ukuta wa kuanikia, wala hakuniambia nipumue. Ndiye mtu wa kwanza katika miaka kumi na tisa kuuliza swali hilo. Nimemtafuta katika makala uliyoichapa nikamkuta amepewa sentensi moja: "Mwenzetu mmoja alishindwa kushiriki chakula cha pamoja."

5. Madhara. Mume wangu alisoma maneno yaliyo chini ya picha, akanitazama, akasema, "Kumbe!" Jioni ile ile akaniletea suruali zake nne za kazini. Hayo ni madogo. Mwenye nyumba ya wageni naye alisoma. Aliukata ule ukurasa, akautundika mapokezi, kisha akamwita shoga yangu mpiga pasi, mama wa mapacha, akamwambia kazi inaonekana ni nyepesi kuliko alivyodhani na mtu mmoja anatosha. Shoga yangu aliondoka na kitambaa chake cha pasi amekikunja vizuri kama alivyokuwa akikunja vya wageni. Hakunilaumu. Alinipita tu pale kambani bila kuniaga, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Neno lako "yasiyo na haraka" limemfukuza mtu kazi, Ndugu Mhariri.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, uchape marekebisho pamoja na mbuzi. Pili, sisi wanawake wanane wa kisiwa hiki tupokelewe ofisini kwako kwa wiki moja, tujitafute. Tutaketi duara kuizunguka meza yako na kufumba macho. Hutazungumza. Tutaonja kazi yako dakika kumi kila mmoja, tukiacha kurasa nusu nusu, na saa kumi alasiri tutalia. Ukifungua mdomo kupiga chafya tutakupiga picha, na maneno ya kuweka chini tutachagua sisi.

Wasalimie wote hapo ofisini, mkata picha hasa, na mama anayefagia chumba chako, ambaye naamini hujawahi kumsikia akiongea. Wifi anasalimu. Mtunza bustani naye anapunga mkono.

Wako, mikono ikiwa bado na povu,
Mfua Nguo

Nyongeza: Barua hii ilikaa siku sita ikisubiri mtu wa kuipeleka posta. Katikati ya siku hizo mimi, wifi na shoga yangu tuliamua kusafiri wenyewe, tukaenda kisiwa cha jirani siku mbili na kumwachia mwenye nyumba ya wageni mashuka yake. Tuliporudi tulimkuta amechubuka vidole, na mpiga pasi alirudishiwa kazi kabla hajatua mzigo. Tumeongea, tumecheka, yameisha.

Ila huko tulikokwenda nilimwona bibi mmoja ameketi mlangoni pake anachambua nyavu, jua limempiga usoni, kimya, mzuri ajabu. Nikampiga picha. Nikamwambia, "Bibi, umekaa kwa amani kweli kweli." Akanijibu kwamba amekaa kwa sababu mguu umekufa ganzi, kama nina nafasi nimsaidie kusimama. Kwa bahati mbaya kengele ya chombo chetu ilikuwa inalia.

Picha naiambatisha hapa. Imetoka vizuri sana. Bibi akikuandikia, nakuomba barua yake usiichape. Ni mtu wa kukuza mambo.